Sanduku la majaribio ya umeme na sumaku: tathmini ya mwalimu wa fizikia kutoka Maseno

Katika fizikia ya sekondari, mada ya uga wa umeme na uga wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya umeme au ya sumaku hutenda kazi, ndiyo inayomwadhibu zaidi mwalimu asiye na vifaa. Mwendo mwanafunzi anaweza kuufahamu kwa kumtazama mwendeshaji wa bodaboda akifunga breki, na joto anaweza kulifahamu kwa kushika sufuria, lakini uga hauonekani, hausikiki wala haushikiki. Kinachoonekana ni yale tu ambayo uga unakitendea kitu kingine kilichowekwa ndani yake. Kwa sababu hiyo, niliposikia kwamba duka moja la vifaa vya shule katikati ya mji wa Kisumu limeanza kuuza sanduku la majaribio ya mada hii, nililinunua kwa ajili ya shule ya kutwa ninakofundisha, upande wa Maseno, na nimelitumia muhula mzima na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne. Wenzangu kadhaa wa shule jirani wameniuliza kama linafaa, na jibu langu haliwezi kuwa la neno moja, kwa kuwa nusu ya sanduku hili ni kazi nzuri sana na nusu ya pili imeandaliwa na mtu ambaye, kwa maoni yangu, hakuyajaribu majaribio yake mwenyewe kabla ya kuyachapisha.

Sanduku lenyewe ni la mbao nyepesi, lina mfuniko wa kuteleza, na kila kifaa kimechongewa nafasi yake katika sponji ngumu. Mna sumaku mbili za ufito zilizopakwa rangi nyekundu upande wa kaskazini na buluu upande wa kusini, sumaku moja yenye umbo la kwato, sumaku mbili ndogo za neodimiamu zilizo bapa, dira ndogo sita, chupa ya unga wa chuma, koili (waya uliozungushwa mara nyingi) iliyokwisha kusukwa, kibunda cha waya wa shaba, galvanomita (kifaa kinachoonyesha mkondo mdogo wa umeme na upande unakoelekea) yenye sufuri katikati, kishikio cha seli kavu mbili, ufito wa plastiki na wa kioo, vipande vya sufu na hariri, elektroskopu (kifaa cha kutambua chaji ya umeme), mabamba mawili ya alumini, trei ya plastiki angavu, na kijitabu cha maelezo. Nililipa shilingi 6,500. Kwa shule ambayo maabara yake hugawana bajeti na kemia na biolojia, hizo si fedha haba, na ndiyo sababu nimeona vyema kuandika kwa kirefu.

Nianze na upande wa sumaku, kwa maana huko ndiko sanduku hili linakostahili sifa.

Dira zake ndogo ni bora kuliko zote nilizowahi kuzipata kwa bei ya kawaida. Sindano hazikwami, hutulia haraka, na kioo cha chini kiko wazi kiasi kwamba mwanafunzi anaona nukta ya penseli aliyoiweka chini ya ncha ya sindano. Hili la mwisho ni jambo dogo kwa asiyefundisha, lakini uchoraji wa mistari ya uga unategemea hilo: unaweka nukta mbele ya sindano, unaisogeza dira hadi mkia wake uwe juu ya nukta ile, unaweka nyingine, na kuendelea hivyo mpaka umechora mstari kamili kutoka ncha moja ya sumaku hadi nyingine. Kwa dira nyeusi chini, kazi hiyo ni ya kubahatisha. Kwa hizi, kikundi cha wanafunzi wanne kinaweza kumaliza ramani ya sumaku moja katika kipindi cha dakika 40.

Jaribio lililowavuta wanafunzi wangu kuliko yote halimo hata katika kijitabu, ingawa vifaa vyake vyote vimo sandukuni. Ukilaza sumaku ya ufito juu ya karatasi kubwa, ncha yake ya kaskazini ikielekea kaskazini, uga wake katika ubavu wa mashariki na wa magharibi unaelekea kusini, ilhali uga wa dunia unaelekea kaskazini. Karibu na sumaku, uga wa sumaku unashinda. Mbali nayo, uga wa dunia unashinda. Na mahali fulani kati ya hapo ni lazima nyuga hizo mbili zilingane na kufutana. Mwanafunzi anaisogeza dira polepole kutoka ubavuni mwa sumaku kuelekea ukingo wa karatasi, na anapofika mahali hapo sindano inapoteza mwelekeo, inayumba, na inaweza kutulia popote ukiigusa meza kidogo. Ukiisogeza sentimita moja zaidi, inageuka na kuelekea kaskazini kana kwamba hakuna kilichotokea. Sindano ikiyumba hivyo mbele ya macho yao, wanafunzi huacha kuuliza kama uga ni kitu cha kweli, wakaanza kuuliza una nguvu kiasi gani.

Na swali hilo lina jibu. Uga wa sumaku wa dunia katika eneo letu una ukubwa wa takriban mikrotesla 33 (mikrotesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku), na sehemu yake iliyolala sambamba na ardhi, ambayo ndiyo inayoigeuza dira ya mezani, ni kama mikrotesla 30. Kwa hiyo pale sindano inapoyumba, uga wa sumaku yetu nao ni mikrotesla 30, umepimwa bila kifaa chochote cha gharama. Tulipolinganisha sumaku mbili za sanduku, moja ilikuwa na mahali pa kufutana umbali wa sentimita 12 kutoka katikati yake, na ya pili sentimita 10 tu. Kwa kuwa uga wa sumaku ndogo hupungua, ukiwa mbali nayo, kwa kipeo cha tatu cha umbali, tofauti hiyo ya sentimita mbili ina maana kwamba sumaku ya pili ina nguvu ya takriban asilimia 60 ya ile ya kwanza. Sumaku zinazouzwa kama jozi hazipaswi kutofautiana kiasi hicho. Haziharibu majaribio, lakini mwalimu anayetaka kuchora uga wa sumaku mbili zinazosukumana ataona mchoro wake umeegemea upande mmoja, na ni vizuri ajue kwamba kosa haliko mkononi mwa mwanafunzi.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa Maseno tuna sababu ya pekee ya kulijaribu. Mstari wa ikweta unapita hapa kwetu, na mwanafunzi aliyesoma kwamba dunia ni sumaku kubwa hutarajia kwamba sindano iliyoning'inizwa kwa uzi katika ikweta italala sawasawa. Hailali. Ikweta ya sumaku haifuatani na ikweta ya jiografia. Katika Afrika inapita kaskazini zaidi, karibu na latitudo ya digrii 10, ikikata Ethiopia na kaskazini mwa Nigeria. Sisi tuko kusini mwake, na kwa hiyo uga wa dunia hapa unatoka ardhini ukiinuka kuelekea kaskazini kwa pembe ya zaidi ya digrii 20. Chukua sindano ya kushonea, ifunge uzi katikati mpaka ilale sawa kabisa, kisha isugue kwa sumaku ya neodimiamu upande mmoja mara kadhaa bila kuirudisha nyuma. Ukiiachilia tena, ncha yake ya kusini itainama. Kijitabu kinasema tu kwamba "dira huelekea kaskazini" na kupita. Ningependa toleo lijalo litenge ukurasa mzima kwa jambo hili, kwa sababu michoro ya vitabu vingi imeandaliwa kwa kufikiria Ulaya, ambako ncha ya kaskazini ndiyo inayoinama, na mwanafunzi wa Maseno anayeamini macho yake hujiona amekosea.

Unga wa chuma ni mwembamba na msafi, ila kifuniko cha chupa ni kilegevu, na unga ukimwagika juu ya sumaku hautoki kwa urahisi. Tieni sumaku katika mfuko wa nailoni kabla ya somo. Zaidi ya hapo, namshauri mwalimu asianze na unga huu, ingawa kijitabu kinaanza nao. Michirizi inayotokea ukigongagonga karatasi inapendeza, lakini inamfundisha mwanafunzi kwamba uga ni nyuzi zenye nafasi tupu katikati yake. Kinachotokea ni kwamba kila chembe ya chuma inageuka kuwa sumaku ndogo, chembe zinashikana ncha kwa ncha, na michirizi inaundwa na mshikano huo. Ukimwaga upya, michirizi inapita mahali pengine, ilhali uga haujabadilika hata kidogo. Kwa dira, mwanafunzi anagundua mwenyewe kwamba hakuna mahali patupu: popote atakapoiweka, sindano ina mwelekeo.

Sehemu ya mkondo wa umeme nayo imefikiriwa vizuri, isipokuwa kwa kasoro moja ya usalama. Jaribio la msingi ni lile la Hans Christian Ørsted wa Copenhagen, aliyeonyesha mwaka 1820 kwamba waya wenye mkondo unaigeuza sindano ya dira, na hivyo kuthibitisha kwamba umeme na sumaku, vilivyokuwa vikifundishwa kama mambo mawili yasiyohusiana, vina uhusiano. Kijitabu kinaagiza waya unyooshwe juu ya dira kutoka kaskazini hadi kusini na kuunganishwa moja kwa moja na seli mbili. Sindano inageuka, hilo ni kweli. Lakini waya huo ni mwembamba na hauna ukinzani wa kutosha, hivyo mkondo unakuwa mkubwa mno, seli zinachoka upesi, na waya unapata joto la kuunguza vidole. Hakuna onyo lolote katika ukurasa huo, na hakuna rezista, yaani kifaa cha kupunguza mkondo, sandukuni.

Dawa yake ni rahisi. Unganisha balbu ya tochi ya volti 2.5 katika saketi hiyo ili mkondo usizidi ampea 0.3 hivi. Waya mmoja wenye mkondo huo, ukiwa sentimita moja juu ya dira, unatoa mikrotesla 6 pekee, na sindano inageuka digrii 11 tu, ambazo mwanafunzi wa nyuma hataziona. Basi usitumie waya mmoja. Zungusha waya mara 10 kwenye mkebe wenye nusu kipenyo cha sentimita 5, uufunge kwa gundi ya karatasi, usimamishe mzunguko huo ili dira iwe katikati yake na waya upite upande wa kaskazini na kusini. Mkondo ule ule wa ampea 0.3 sasa unatoa takriban mikrotesla 38, yaani zaidi ya uga wa dunia, na sindano inageuka kupita digrii 50 huku balbu ikiwaka na waya ukiwa baridi. Mwanafunzi anaona kwa wakati mmoja kwamba mkondo unapita na kwamba uga upo, na akigeuza seli, sindano inaelekea upande wa pili. Waya uliomo sandukuni unatosha kazi hiyo na kubaki.

Galvanomita na koili ndivyo vifaa ambavyo peke yake vingenifanya nilinunue sanduku hili tena. Sindano ya galvanomita ni nyepesi na inarudi kwenye sufuri bila kusitasita. Ukiingiza sumaku katika koili, inaruka upande mmoja. Ukiiacha sumaku imetulia ndani, inarudi sufuri. Ukiitoa, inaruka upande wa pili. Michael Faraday aligundua jambo hili mwaka 1831, na kiini chake kiko katika lile tendo la kati ambalo walimu wengi hulipita haraka: sumaku iliyotulia haizalishi chochote, hata iwe na nguvu namna gani. Ni mabadiliko ya uga yanayozalisha volteji. Niliwaacha wanafunzi washindane kuifanya sindano iruke mbali zaidi, wakagundua wenyewe kwamba kasi ina faida, kwamba sumaku mbili zilizoshikanishwa ncha za aina moja pamoja zina faida kuliko moja, na kwamba kuisogeza koili badala ya sumaku kunaleta matokeo yale yale. Kutoka hapo, kueleza jinsi maji ya mto Sondu yanavyozungusha mitambo ya kituo cha Sondu Miriu na kuzalisha megawati 60 hakukuhitaji mchoro mgumu. Sumaku inazunguka, uga unaopita katika koili unabadilika, na umeme wa mzunguko wa herzi 50 unatokea kwa sababu mabadiliko hayo yanajirudia mara 50 kwa sekunde.

Upande wa uga wa umeme ndipo mambo yanapoharibika, na hapa sitalaumu hali ya hewa peke yake.

Hali ya hewa ina sehemu yake. Sisi tulio karibu na Ziwa Victoria tunaishi katika unyevu mwingi, na majaribio ya umeme tuli hushindwa pale ambapo utando mwembamba wa unyevu juu ya ufito unaipitisha chaji na kuimwaga kabla haijakusanyika. Ufito wa kioo wa sanduku hili huvuta unyevu kiasi kwamba alasiri, mvua ikikaribia, hauwezi kunyanyua hata kipande cha karatasi. Ule wa plastiki ni bora zaidi. Majaribio haya yapangiwe siku ya jua, vifaa vikaushwe kwanza juani au karibu na jiko la makaa bila kuviunguza, na sufu iwe kavu kabisa. Kwa maandalizi hayo, ufito wa plastiki uliosuguliwa unakunja mchirizi mwembamba wa maji ya bomba, na hilo wanafunzi hawalisahau. Mtengenezaji anayeuza Kisumu angepaswa kuyaandika hayo katika ukurasa wa kwanza, lakini hayapo.

Elektroskopu, kwa upande wake, ni kifaa kibovu. Jani lake limekatwa kutoka karatasi ya alumini nzito kama ile ya kufungia chakula, na linafunguka kidogo sana hata ufito ukiwa na chaji ya kutosha. Niliirudisha dukani, na muuzaji alinipa nyingine bila ubishi, jambo ninalolishukuru, ila hiyo nyingine ilikuwa na kasoro ile ile. Tulipoliondoa jani na kuweka ukanda mwembamba wa karatasi nyepesi ya fedha iliyomo ndani ya pakiti ya peremende, ikafanya kazi vizuri.

Kosa kubwa zaidi liko katika jaribio ambalo lingepaswa kuwa moyo wa sehemu hii. Kijitabu kinamwagiza mwanafunzi aweke mabamba mawili ya alumini katika trei umbali wa sentimita 3, amimine mafuta ya kupikia, anyunyize chembe za semolina, kisha aunganishe mabamba hayo na betri ya volti 9, na kwamba ataziona chembe zikijipanga kufuata mistari ya uga wa umeme. Hataziona. Nguvu ya uga kati ya mabamba mawili yaliyo sambamba ni volteji ikigawanywa kwa umbali, na volti 9 zikigawanywa kwa mita 0.03 ni volti 300 kwa mita. Siku ya kawaida isiyo na mawingu, angani juu ya uwanja wa shule kuna uga wa umeme wa takriban volti 100 kwa mita. Jaribio la kijitabu, basi, linatumia uga ulio mara tatu tu ya ule unaotuzunguka kila siku bila kututikisa unywele, na linatarajia uzigeuze chembe ndani ya mafuta mazito. Jaribio hilo ni la kweli na ni la kale, lakini hufanywa kwa chanzo cha maelfu ya volti. Volti 5,000 katika umbali wa sentimita 5 ni volti 100,000 kwa mita, na hapo chembe hujipanga. Hata uga huo bado ni mdogo ukilinganishwa na volti milioni 3 kwa mita, ambazo ndizo zinazohitajika ili hewa kavu ishindwe kuzuia na cheche iruke.

Hili linanisikitisha kwa sababu ya matokeo yake darasani. Mwanafunzi aliyefuata maagizo yote na asione kitu hatasema kwamba kijitabu kimekosea. Atasema kwamba fizikia ni ngumu, au atachora katika daftari kile ambacho kitabu kimesema angeona. Mtoto anayejiandaa kwa karatasi ya tatu ya fizikia ya KCSE (mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari nchini Kenya), ambayo ni ya vitendo, asifundishwe kuandika matokeo ambayo hakuyapata.

La kutia moyo ni kwamba vifaa vile vile vinatosha kwa jaribio zuri zaidi lisilohitaji volteji ya hatari. Mimina maji ya bomba katika trei ile angavu, kina cha nusu sentimita, na uweke karatasi ya grafu chini yake. Simamisha mabamba mawili umbali wa sentimita 15, uyaunganishe na betri ya volti 9, kisha tumia multimita, kifaa cha kupima volteji, ambayo maduka ya vifaa vya umeme huuza kwa bei nafuu. Mguso mmoja wa multimita uunganishwe na bamba hasi, na mwingine uchovywe ndani ya maji mahali mbalimbali. Volteji inaongezeka kwa takriban nusu volti hadi 0.6 kwa kila sentimita unapoelekea bamba chanya. Mwanafunzi anatafuta nukta zote zenye volti 3 na kuziunganisha kwa mstari, kisha zenye volti 4, na kuendelea. Mistari hiyo inatokea ikiwa imenyooka na iko sambamba na mabamba, ikipinda pembeni tu, na mistari ya uga ni ile inayoikata kwa pembe mraba. Mistari ya volteji sawa ikisongamana, uga hapo una nguvu zaidi. Badala ya mabamba, tumia misumari miwili, na utapata mchoro wa chaji mbili zinazovutana, ule ule wa vitabu, lakini safari hii umetokana na vipimo vya mwanafunzi.

Baada ya hapo, tuliweka katikati ya trei pete pana ya bati tuliyoikata kutoka kopo la maziwa ya unga, bila kuiunganisha na chochote. Ndani ya pete, multimita inasoma volteji ile ile kila mahali. Hakuna tofauti, kwa hiyo hakuna uga. Faraday alilionyesha jambo hili mwaka 1836 kwa chumba kilichozungushiwa chuma, na katika eneo letu, ambako radi za Kisii na Kakamega zinajulikana na kila familia, linaeleza kwa nini mtu aliye ndani ya gari lenye bodi ya chuma, madirisha yakiwa yamefungwa, yuko salama kuliko aliyejikinga chini ya mti. Maswali yaliyofuata yalinilazimu kuongeza kipindi kingine, na nilifanya hivyo kwa furaha.

Kuhusu maelezo ya nadharia katika kijitabu, lugha yake ni nyepesi na michoro ni safi, lakini kuna mambo mawili ambayo mwalimu ni lazima ayasahihishe kwa kalamu kabla ya kuwapa wanafunzi. La kwanza, kinasema kwamba mistari ya uga wa sumaku "huanzia ncha ya kaskazini na kuishia ncha ya kusini." Maneno hayo yanafaa kwa uga wa umeme, ambao mistari yake huanzia kwenye chaji chanya na kuishia kwenye chaji hasi. Mistari ya uga wa sumaku haina mwanzo wala mwisho; inatoka ncha ya kaskazini, inazunguka nje, inaingia kusini, na kuendelea ndani ya sumaku hadi kaskazini tena. Ndiyo maana ukivunja sumaku vipande viwili hupati kaskazini peke yake na kusini peke yake, bali sumaku mbili kamili. La pili ni la kuachwa kuliko la kukosewa: hakuna mahali ambapo kijitabu kinaeleza tofauti ya msingi kati ya nyuga hizi mbili, kwamba uga wa umeme unaisukuma chaji iwe imetulia au inakwenda, ilhali uga wa sumaku hauisukumi chaji iliyotulia hata kidogo, unaisukuma ile inayokwenda tu, tena kwa upande, si mbele wala nyuma. Bila sentensi hiyo, mwanafunzi hawezi kuelewa kwa nini mota inazunguka, na kurasa nne za mwisho zinahusu mota.

Sumaku mbili za neodimiamu zinastahili tahadhari ya pekee. Ni ndogo, zinang'aa, na mtoto mdogo akizimeza zote mbili zinaweza kushikana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Katika maabara ya sekondari, zihesabiwe mwanzo na mwisho wa kipindi. Mzazi anayelinunua sanduku kwa matumizi ya nyumbani, na ana watoto wadogo, azitoe kabisa.

Kwa shule yenye mwalimu wa fizikia aliye tayari kuongeza balbu, multimita na jani jipya la elektroskopu, ningesema nunueni, na msizingatie sehemu ya uga wa umeme kama ilivyoandikwa. Kwa mzazi anayetarajia mtoto ajifunze peke yake wakati wa likizo kwa kufuata kijitabu, bado sijaridhika. Nimemwandikia mtengenezaji kuhusu jaribio la volti 9 na mkondo usio na rezista, na nimeambatanisha vipimo vya wanafunzi wangu vya trei ya maji. Muuzaji wa Kisumu anakubali mnunuzi afungue sanduku dukani kabla ya kulipa, hivyo ombeni galvanomita, ichomekeni kwenye koili, mpitishe sumaku ndani yake mara moja, na mhakikishe kwamba sindano inaruka pande zote mbili na kurudi kwenye sufuri.